Sura ya Tisa: Sumu Iliyofungwa Kengele

Maneno matatu ndiyo yaliyomzuia Inspekta Idd Ntandu kutia sahihi.

Ripoti ya maabara ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema kwamba katika damu ya marehemu Nikolausi Margwe, mkulima wa Gendabi, umri miaka sitini na minane, haikuonekana dawa ya kuogeshea ng'ombe, wala sumu ya panya, wala dawa yoyote ya hospitali. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za ulezi, iliandikwa: kwa njia zilizotumika. Idd aliyazungushia maneno hayo kalamu nyekundu, akalisukuma jalada pembeni.

Afande Reginald, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alikuwa amesimama ng'ambo ya meza akiliangalia jalada hilo kama mtu anayesubiri chai yake. Alikuwa amekwisha kuamua. Mzee Nikolausi alikula ugali na maharage Jumapili mchana, chakula kilichopikwa na mkwewe Paskalina. Jioni akaanza kupotewa na maneno, akashikwa na degedege, na Jumatatu alfajiri akafa hospitalini. Daktari aliyeupasua mwili aliandika kwamba dalili zinafanana na za sumu. Mkwe na baba mkwe walikuwa hawapatani, majirani wote walilisema hilo. Na bibi yake Paskalina, kule Nambis upande wa Mbulu, alijulikana kwa mitishamba.

"Mashine haioni mitishamba," Afande Reginald alisema. "Kutoonekana kitu ndiko kunakomfunga huyu mama. Angetumia sumu ya dukani, tungeiona."

Idd alimjibu kwamba juzi alikwenda mwenyewe Nambis kwa bibi huyo. Alimkuta kikongwe wa miaka tisini ambaye dawa yake kali kuliko zote ilikuwa ya kikohozi, na ambaye alimcheka mpaka akakohoa yeye, akamwambia kama angejua sumu ya kuua wanaume asingeolewa mara tatu. Afande Reginald hakucheka. Alisema Paskalina amekamatwa jana, sheria inadai afikishwe mahakamani, na kesho saa tatu asubuhi atafikishwa. Kama Idd ana kitu kingine, akilete kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Idd aliitazama saa ya ukutani. Saa mbili na robo. Kesi ya mauaji haina dhamana. Paskalina akisomewa shtaka kesho, hata kama hana kosa, atakaa mahabusu akingoja upelelezi ukamilike, na miaka huko hupita kama siku za mvua, mtu hazihesabu tena.

Alipita mahabusu kabla ya kutoka. Paskalina, mwanamke wa miaka ishirini na sita, alikuwa amekaa sakafuni, khanga imefungwa kiunoni kwa mkazo. Wiki saba zilizopita alijifungua mtoto aliyekufa. Koplo Marieta, Mwiraqw wa huko huko, alikuwa akimpa maji. Idd aliona jambo dogo ambalo hakulipa uzito. Koplo aliweka kikombe chini, akarudi nyuma hatua mbili, ndipo mahabusu akakichukua. Alipomaliza, Koplo alikisukuma kikombe kwa ncha ya kiatu hadi kwenye kona, kikakaa peke yake.

"Nilipika nikala mimi mwenyewe chakula kile kile," Paskalina alimwambia Idd. "Mume wangu Modest alikula. Niulizeni basi kwa nini sisi hatukufa."

Lilikuwa swali zuri. Idd alilibeba hadi kwenye simu.

*

Yusta alikuwa mkemia wa maabara ya kanda, Arusha. Idd na yeye walikwisha kufanya kazi pamoja mara mbili, na walikuwa wamefika mahali pa kuitana kaka na dada bila kuacha heshima ya kazi. Idd alimuuliza swali moja tu: mashine yenu haioni nini?

Yusta hakukasirika. Alisema ndiyo maana huwa anaandika maneno yale matatu, na kwamba katika miaka sita Idd ni mtu wa kwanza kumpigia simu kwa sababu yake. Akamweleza polepole. Damu ikisafishwa hupitishwa kwenye bomba jembamba lililojaa chembechembe zenye asili ya mafuta. Kemikali nyingi hushikwa humo kidogo, kila moja kwa muda wake, kisha hutoka moja moja mbele ya mashine, nayo huzipima uzito. Kwa uzito zinajulikana. Lakini zipo molekuli ndogo sana zinazopenda maji. Hizo bomba haliwezi kuzishika. Hupita mbio dakika ya kwanza pamoja na chumvi na takataka zote za damu, zote kwa wingi, na mashine haiwezi kuitambua moja katika msongamano huo.

"Kama ndama kwenye ukungu," Idd alisema. "Kundi linapita, unasikia kwato, humwoni wako."

"Na kwenu Singida mnafanyaje?"

"Tunamfunga kengele."

Yusta alisema hajawahi kusikia mtu akiieleza kazi yake vizuri hivyo. Ndivyo wanavyofanya. Wanaiunganisha molekuli ile ndogo na kemikali nyingine kubwa, yenye mafuta. Ikishaungana, haipiti mbio tena. Bomba linaishika, inatoka peke yake kwa wakati wake, na uzito wake mpya unajulikana kabla hata haijafika.

"Basi funga kengele, dada. Nina mpaka jioni."

"Nifunge shingo ipi?" Sauti yake ilibadilika. "Kengele ziko namna nyingi, kaka Idd. Ya kushika shingo hii haishiki shingo ile. Na damu iliyobaki ni mililita moja, haijai hata robo ya kijiko cha chai. Nikichagua vibaya, imekwisha, na maiti imekwisha kuzikwa. Niambie natafuta nini. Si lazima jina. Niambie ni kitu cha namna gani."

Idd alimwomba aandae vifaa na asiiguse damu mpaka ampigie. Akaweka simu mfukoni, akamwita Koplo Marieta na dereva.

*

Barabara ya Gendabi ilikuwa imeloa, na mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Njiani Idd alipitia jalada lote kwa sauti, jinsi alivyozoea, ili masikio yakamate kilichoyapita macho.

Jumamosi, siku moja kabla ya chakula kile, Mzee Nikolausi alikuwa kwa jirani yake Hermani. Watu wengine kumi na wawili walikwenda kumsaidia Hermani kujenga upya zizi, na baada ya kazi wakanywa pombe. Jioni Nikolausi alitapika mara moja, akasema pombe ilikuwa changa. Jumapili aliamka, akaenda kanisani kwa miguu yake, akarudi, akala. Wote kumi na wawili walihojiwa na wote walisema neno moja: tulikunywa pombe moja, ya chungu kimoja, na hakuna aliyeugua. Kwa sababu hiyo, polisi waliiacha Jumamosi wakashika Jumapili.

"Chungu kimoja," Idd alirudia. "Na vikombe?"

Koplo Marieta alikuwa akitazama nje. Alisema, kama mtu anayesema jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba Mzee Nikolausi asingeweza kunywa kwa vikombe vya watu. Alikuwa na kibuyu chake.

Idd alifunga jalada. Alimwomba aeleze.

Marieta alieleza kwa shida, akichagua maneno, maana yalikuwa mambo ya nyumbani. Nyumba inapofiwa na mtoto tumboni huingia kwenye metimani, yaani kutengwa. Watu wa nyumba hiyo hawashiriki vyombo na wengine kwa miezi kadhaa, wasije wakawaambukiza mkosi wa kufiwa na watoto. Zamani wasingetoka kabisa. Siku hizi wanatoka, wanakwenda kanisani, hata kwenye kazi za pamoja wanakwenda, lakini kila mmoja na chombo chake, na anakaa pembeni. Mzee Nikolausi aliishi boma moja na Paskalina. Na ugomvi wao ulikuwa huo huo: mzee alitaka mkwe asitoke hata kisimani, mkwe akatoka.

"Kwa nini hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wawili aliyeniambia?"

"Hukuuliza, afande. Na nani angedhani hujui?"

Idd hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amekiona kikombe kikisukumwa kwa kiatu asubuhi ile ile, akapita.

*

Hermani alikuwa na miaka sitini na mitano, mrefu, mwenye koti la mvua la kijani lililopauka na sauti ya mtu aliyezoea kuwaamrisha vibarua. Mpaka mwaka jana alikuwa msimamizi wa ghala kwenye shamba moja la ngano upande wa Basotu. Idd alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakakaribishwa viti. Akauliza habari za mifugo, za mvua, za wajukuu. Wajukuu walikuwa tisa, na wa kumi alikuwa njiani. Hermani alilisema hilo kwa fahari.

Kisha Idd akaomba aoneshwe walivyokaa siku ile.

Hermani alionesha bila wasiwasi. Chungu kilikuwa hapa. Watu walikaa hapa, duara. Marehemu alikaa kule, kando ya kibanda cha ndama, peke yake.

"Nani alimmiminia?"

"Mimi mwenye boma. Nilimpelekea kwa jagi, nikammiminia kutoka juu, vyombo visigusane. Ndiyo desturi, Koplo huyu atakwambia."

Koplo aliitikia kwa kichwa. Idd aliuliza jagi lilijazwa wapi. Hermani alisema ndani, alimchujia mzee pombe isiyo na machicha kwa sababu ya meno yake, na kila mtu aliona heshima aliyompa. Alimmiminia mara ngapi? Mara moja, kibuyu kilijaa. Mzee alikinywa chote? Hermani alisema hakumbuki, tumbo lilimchafuka mzee akaondoka mapema.

"Na kibuyu?"

Hermani alielekeza kwa kidevu pale mzee alipokitundika mwenyewe kabla ya kuondoka. Chini ya ukingo wa paa la kibanda cha ndama, kwenye kigingi, kilining'inia kibuyu cheusi cha zamani chenye mshipi wa ngozi, kimezibwa kwa gunzi. Siku kumi na moja zilikuwa zimepita. Buibui alikuwa amefunga kamba kutoka kwenye gunzi mpaka kwenye nyasi za paa.

Idd alisogea. Chini ya kibanda, mmea wa maboga ulikuwa umetambaa kwa fujo, majani mapana kama sinia, mabichi kwa mvua. Isipokuwa mahali pamoja. Hatua mbili kutoka kwenye kigoda alichokalia marehemu, majani matatu yalikuwa yamekauka rangi ya tumbaku, na nyasi zilizokuwa chini yake zimeungua kwa upana wa kiganja. Mbele na nyuma ya mahali hapo mmea ule ule ulikuwa hai na unatoa maua.

"Mzee," Idd aliuliza bila kugeuka, "marehemu alikuwa mtu wa kumwaga tone la kwanza?"

"Kwa wahenga? Daima. Mkristo safi, lakini tone la kwanza halikumpita."

Idd alichuchumaa, akapiga picha. Koplo Marieta alichuchumaa naye. Alikuwa binti wa wakulima, na kabla ya kuingia polisi alifanya kibarua cha kupulizia dawa mashambani miaka miwili. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni dawa ya magugu, lakini si ile ambayo kila mtu anayo. Ile ya kawaida ikigusa jani hushuka hadi mzizini, mmea mzima unakufa polepole. Hii imechoma pale ilipogusa tu, ikaishia hapo.

"Ipo nyingine inayochoma hivyo, kali sana," aliongeza. "Lakini ile mtu akiinywa mdomo na koo vinababuka."

Idd alikumbuka karatasi ya daktari: kinywa hakina jeraha. Alisimama, akamwomba Hermani, kwa adabu tu, amteremshie kibuyu kile.

Hermani hakusogea. "Ni cha nyumba ile," alisema.

"Najua. Mwenyewe amekufa."

"Sikigusi."

Idd alimtazama Koplo. Marieta alitoa glavu mfukoni, akavaa ya kulia, akabaki ameishika ya kushoto. Aliolewa mwaka jana, bado hajazaa. Idd alimwona, akaichukua ile glavu ya kushoto mkononi mwake, akaomba na ya pili, akakiteremsha kibuyu mwenyewe. Kilikuwa kizito kidogo. Ndani kulikuwa na kitu kinacheza.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Isidori, aliitwa ashuhudie. Hati ya kukamata mali ikajazwa, kibuyu kikatiwa kwenye mfuko, mfuko ukapigwa lakiri, majani matatu makavu yakatiwa kwenye bahasha yake. Hermani alitia sahihi. Alimuuliza Idd kama watarudi, ili awaandalie chai.

*

Yusta aliipokea picha saa tano na dakika ishirini. Alipiga simu baada ya dakika sita.

Alisema anadhani anajua. Iko dawa ya magugu inaitwa glufosineti. Molekuli yake ni ndogo, inapenda maji kupita kiasi, imejengwa karibu sawa na vipande vya protini vilivyomo katika damu ya kila mtu, ndiyo maana inajificha humo vizuri. Ina shingo ya amini, yaani kishikio chenye naitrojeni, na kengele ya shingo hiyo anayo.

"Tatizo lako ni nini?" Idd aliuliza, maana aliisikia pumzi yake.

Tatizo, alisema Yusta, ni kwamba vile vipande vya protini navyo vina shingo hiyo hiyo. Vitaigombania kengele. Akitia kidogo, vitaimaliza kabla mgeni hajapata yake. Akitia nyingi mno, ile ya ziada itachafua mashine. Na maji yake lazima yawe ya upande wa magadi. Yakiwa na uchachu hata kidogo, hakuna kinachoungana. Ana damu ya jaribio moja.

Idd alimwambia aendelee.

Ikabaki kungoja. Kungoja ni sehemu ya kazi ambayo mtu hafundishwi chuoni. Idd hakutaka kurudi kituoni akatazamwe usoni na Afande Reginald, kwa hiyo alimuuliza Mzee Isidori kama marehemu alikuwa na shughuli yoyote wiki ile aliyokufa. Isidori alisema ndiyo. Jumatatu ile ile aliyokufa, alikuwa aende kwenye baraza la kata kutoa ushahidi wa mpaka.

"Mpaka wa nani na nani?"

"Wa Hermani na mjane Tekla."

Walikwenda kwa miguu, wakiwahoji njiani wanne kati ya wale kumi na wawili. Tekla aliwapeleka nyuma ya shamba lake la mahindi. Palikuwa na mstari wa minyaa, ule mti wa utomvu mweupe ambao wazee hupanda mipakani kwa sababu hauliwi na mbuzi na hauhami. Minyaa yote, hatua kama themanini, ilikuwa imekauka imesimama. Tekla alisema ilikauka ghafla mwezi wa pili. Hermani akaleta watu wakaanza kuing'oa, akisema ni miti pori iliyokufa yenyewe, na kwamba mpaka halisi uko chini zaidi, kwenye mfereji. Aliyeipanda minyaa ile na baba yake Tekla alikuwa Nikolausi, akiwa kijana. Hakubaki shahidi mwingine.

Koplo Marieta alikuwa ameinama. Alifukua majani makavu kwenye shina la mnyaa mmoja, kisha wa pili, kisha akatembea mstari mzima akifukua. Kila shina lilikuwa limetoa vidole vya kijani, vinene, vyenye afya, urefu wa kidole gumba.

"Imechoma juu tu, afande," alisema. "Haikufika mzizini."

Saa kumi na dakika thelathini na tano simu ililia. Idd alikuwa amekaa juu ya jiwe mpakani. Aliisikiliza akiandika kwenye paja.

Yusta alipima vitu vitatu kwa mfuatano. Kwanza damu safi ya mtu mwingine, akaifunga kengele: hakuna kitu. Pili damu safi ile ile aliyoitia glufosineti kwa makusudi: ilitoka dakika ya tisa, uzito mia nne na tatu. Yenyewe ina uzito wa mia na themanini na moja. Kengele imeongeza mia mbili na ishirini na mbili. Mwisho damu ya Nikolausi. Dakika ya tisa. Mia nne na tatu. Akaivunja vipande ndani ya mashine, na vipande vikalingana na vya ile ya pili, kimoja kwa kimoja.

"Naandika ripoti sasa hivi," alisema. "Nikipata kibuyu nitathibitisha na humo. Na kaka Idd, kuna jambo lingine. Hii haiui haraka. Mtu hutapika kidogo, anapata nafuu, anatembea. Degedege na kupoteza fahamu huja baadaye, saa nyingi baadaye, hata siku nzima na zaidi."

Idd alirudisha saa nyuma kwa vidole. Degedege, Jumapili jioni. Chakula cha Paskalina kilikuwa saa tano tu kabla yake, lakini matapishi yalikuwa Jumamosi jioni, kabla ugali ule haujasongwa. Pombe ya jagi ilikuwa Jumamosi alasiri. Saa ishirini na saba. Muuaji mwenyewe labda hakujua hilo. Kuchelewa kwa sumu kulimpa zawadi ambayo hakuiomba: kulimpa mtu wa kusingiziwa.

*

Chai kweli ilikuwa imeandaliwa. Hermani aliwamiminia, Idd akaishika bila kuinywa. Alimwonya kwanza, kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema neno na atakalolisema litaandikwa. Hermani alitabasamu akasema tangu lini chai ikawa na onyo.

Idd akamweleza kilichoonekana katika damu. Hermani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kama msimamizi wa ghala: dawa hiyo inapatikana, si yake peke yake, na kibuyu kilikuwa cha marehemu. Mtu wa nyumbani kwake angeweza kukitia kabla hajaja nacho. Mkwewe, kwa mfano.

"Aliposimama hapo kwenye bomba lako la maji alikisuuza," Idd alisema. "Watu wanne wameniambia leo. Na tone la wahenga alilimwaga hapa baada ya wewe kumjazia. Maboga hayasemi uongo, mzee. Wala minyaa ya Tekla, ambayo inachipua."

Kwa mara ya kwanza uso wa Hermani ulibadilika. Si neno maboga lililombadilisha. Aligeuka kutazama upande wa mpaka. "Inachipua?"

"Mashina yote."

Hermani alikaa. Alilivua koti la mvua akalikunja magotini. Dereva alikuwa amekwisha kusogea mlangoni.

"Kitu kimoja sikielewi," Idd alisema, na hakuwa akiigiza. "Wewe ni mtu makini. Jagi umeliosha. Galoni la dawa, naamini, limekwisha kufukiwa mahali, tutalitafuta. Siku kumi na moja kibuyu kinaning'inia nyumbani kwako, hatua ishirini kutoka jikoni, na pombe yenyewe imo ndani. Moto unao. Kwa nini hukukichoma?"

Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mtu ambaye hakufunzwa na mamaye.

"Kibuyu cha nyumba ile?" alisema. "Moshi wake uwaingie wajukuu zangu? Afande, mimi nina mjukuu anakuja."

Koplo Marieta aliacha kuandika. Idd alimwambia ayaandike maneno hayo jinsi yalivyotamkwa, kisha ayasome. Aliyasoma. Hermani aliyasikiliza yakirudi kwake, na katikati ya kuyasikiliza, alifumba macho. Alikataa kutia sahihi. Mzee Isidori, aliyekuwapo, alitia.

*

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Idd aliweka mezani kwa Afande Reginald mambo manne: ripoti ya Yusta iliyoingia kwa simu, hati ya kibuyu, picha za maboga na minyaa, na maelezo ya Hermani. Afande alisoma yote kwa kusimama. Aliuliza kama ana uhakika mashine haikosei. Idd alisema mashine ile ile ndiyo iliyosema haikuona kitu. Ilikuwa ikisema kweli mara zote mbili. Afande akachukua kalamu, akalikata jina la Paskalina kwenye orodha ya kesho asubuhi, akaandika jingine juu yake.

Mahabusu kulikuwa na mwanga wa jioni uliobaki kidogo. Koplo Marieta alifungua mlango, akamwambia Paskalina kwamba anakwenda nyumbani, mumewe yuko nje tangu saa nane. Paskalina alisimama akishika ukuta. Aliuliza kama anaweza kunywa maji kwanza.

Kikombe kilikuwa bado kwenye kona kilipoachwa asubuhi. Idd, aliyekuwa mlangoni na daftari la kusaini, aliona Koplo akikitazama kwa muda. Kisha akainama, akakiokota kwa mkono mtupu, akakijaza kwenye ndoo. Alikunywa nusu yake. Nusu iliyobaki alimpa Paskalina, mkono kwa mkono.